Ada ya bima ya watumishi wa jiji imepanda asilimia 23: tuanze kukata wapi?

Swali: Mimi ni mweka hazina wa jiji lenye watumishi 1,900, pamoja na wategemezi wao tunafika watu 5,200. Kampuni yetu ya bima ya afya imetuandikia kwamba mwakani ada itapanda kwa asilimia 23. Dalali wetu anashauri tuachane na kampuni, jiji lilipe matibabu lenyewe. Madiwani wanataka watumishi wachangie zaidi na wastaafu waondolewe. Chama cha wafanyakazi kimesema kikisikia hilo kitaitisha mgomo. Mkataba unaisha baada ya siku 100. Tuanzie wapi? Na je, madiwani wenyewe waingizwe kwenye bima hii, kama wanavyoomba?

Jibu: Ndugu mweka hazina, kwenye swali lako kuna namba moja haipo, na bila hiyo hakuna awezaye kukwambia kama asilimia 23 ni haki au ni kunyongwa. Namba hiyo ni madai: kati ya ada mliyolipa mwaka jana, kampuni ililipa hospitali na maduka ya dawa kiasi gani? Kila mtu anayekushauri sasa, dalali, madiwani na chama, anabishana juu ya nani abebe mzigo. Hakuna aliyeuliza mzigo una nini ndani.

Fanya hesabu hii mwenyewe kabla ya kikao chochote. Tuseme ada ya mwaka jana ilikuwa 100, na madai yaliyolipwa 78. Gharama za matibabu, tuseme, zinapanda asilimia 9 kwa mwaka. Usizidishe kwa mwaka mmoja tu. Kutoka katikati ya kipindi cha takwimu hadi katikati ya mkataba mpya mara nyingi hupita miezi 18, kwa hiyo ongezeko halisi ni karibu asilimia 14. Zile 78 zinakuwa 89. Ongeza 12 za uendeshaji, kamisheni na faida, unapata 101. Yaani kampuni inastahili nyongeza ya asilimia 1, nayo inaomba 23. Sasa rudia hesabu ukiweka madai ya 96. Yanapanda hadi 109, ukijumlisha 12 unafika 121, na ombi la kampuni linakaribia ukweli. Barua ni ileile, asilimia ni ileile, ila katika hali ya kwanza unapaswa kupigana na katika ya pili unapaswa kujipanga.

Kuna jambo la pili ndani ya namba hiyo. Gharama za matibabu hazigawanyiki sawa kati ya watu. Marekani, ambako zimepimwa kwa miaka mingi, asilimia 5 ya watu hutumia karibu nusu ya fedha zote za matibabu, na asilimia 1 peke yake hutumia zaidi ya moja ya tano. Kwa watu wako 5,200, asilimia 1 ni watu 52. Mwaka ambao watoto wachache wamezaliwa kabla ya wakati na mtu mmoja au wawili wamelazwa muda mrefu chumba cha mahututi, madai yako yataruka bila jiji kuwa na ugonjwa wowote mpya. Kwa hiyo omba orodha ya madai makubwa bila majina, na kila dai liandikwe kama limekwisha au linaendelea. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo ataendelea. Mtoto njiti aliyekwisha kuruhusiwa, kwa kawaida gharama yake kubwa imepita. Kampuni hupenda kuvichukua vyote viwili na kuvipandisha mwakani kana kwamba ni kitu kimoja, na ukikaa kimya hesabu hiyo itapita.

Watakwambia takwimu ni siri za wagonjwa. Ni kweli majina ni siri, na nakusihi usiyatake: mwajiri hana haki ya kujua nani anatumia dawa gani, na idara yenye watu wanane hata bila majina watu watatambuana. Lakini jumla za madai kwa mwezi, kwa aina ya huduma, kwa hospitali na kwa kundi la dawa si siri ya mtu. Ni taarifa za fedha za umma. Kama mkataba wa sasa hauwapi haki hiyo, kifungu hicho ndicho cha kwanza kuingia kwenye mkataba ujao, hata kama hamtabadilisha kitu kingine.

Hapo hapo muulize dalali analipwaje. Anayelipwa asilimia ya ada kipato chake kinapanda kila ada inapopanda. Sisemi dalali wako si mwaminifu. Nasema mmempa mshahara unaokwenda kinyume na kazi mliyomtuma. Mlipeni kiasi maalumu kwa mwaka, na atie saini tamko la kila malipo anayopata kutoka kampuni ya bima, msimamizi wa madai au muuzaji wa dawa, yakiwemo yale ya jiji likihamia mpango wa kujilipia anaoupendekeza. Jibu lake kwa hilo la mwisho litakueleza mengi.

Sasa ushauri wenyewe wa kujilipia. Miji mingi mikubwa na hata ya kati duniani hufanya hivyo, na kwa watu 5,200 si wazo la ajabu. Faida zake ni za kweli: hulipi faida ya kampuni, takwimu zinakuwa zako, na mwaka mzuri akiba inabaki kwenye mfuko wako. Ila kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukirudia kiasi kwamba nauweka mbele ya mengine. Mwaka wa kwanza wa kujilipia daima huonekana rahisi. Mgonjwa akitibiwa leo, ankara inaweza kufika na kulipwa baada ya miezi miwili au mitatu. Na matibabu ya miezi ya mwisho ya mkataba wa zamani kwa kawaida yanalipwa na kampuni ya zamani. Basi ndani ya miezi 12 ya kwanza jiji linalipa matibabu ya miezi 9 au 10 tu. Baraza linaona fedha zimebaki, linashangilia, linapeleka ziada kwenye barabara. Fedha hizo hazikuwa ziada. Lilikuwa deni ambalo ankara zake hazijafika, na siku mtakapotaka kurudi kwenye bima ya kawaida mtalipa ada mpya na ankara za nyuma kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kama mtajilipia, madai yaliyotokea lakini hayajawasilishwa yatengewe fedha tangu siku ya kwanza, pamoja na akiba ya mwaka mbaya. Fedha zikae kwenye mfuko wenye akaunti yake, na kanuni iseme wazi kuwa kuzihamisha ni kwa azimio maalumu baada ya tathmini ya mtakwimu bima, yaani mtaalamu wa kukadiria madai ya baadaye. Bila kanuni hiyo siwashauri mjaribu. Mfuko ulionona mwaka wa uchaguzi haufiki mwaka unaofuata.

Mtahitaji pia bima ya kukinga madai makubwa: mtu mmoja akivuka kiwango fulani, au jumla ya mwaka ikivuka kiwango, kampuni nyingine inapokea. Soma kifungu cha kuhuisha mkataba huo kwa miwani mbili. Baadhi ya kampuni, mwaka wa pili, hukubali kuendelea na watu wote isipokuwa fulani mwenye saratani, ambaye kiwango chake hupandishwa mara tano. Bima inayomwacha mgonjwa mkubwa baada ya kuugua haina maana kwenu. Dai iandikwe kwamba hakuna mtu atakayetengwa wakati wa kuhuisha, na mkubali kulipa ada kubwa kidogo kwa ajili hiyo.

Na kama watu 5,200 wanakutia hofu, ungana na wenzako. Miji midogo ya Marekani ilianza kuunda mifuko ya pamoja miaka ya 1970 na 1980, kampuni zilipokuwa zikipandisha ada za bima za dhima (za kuwalipa wanaolishtaki jiji kwa madhara) au kukataa kabisa kuwakatia. Mingi ya mifuko hiyo bado ipo. Lakini shirika la aina hiyo haliundwi kwa siku 100. Kwangu mimi, mwaka huu huisheni mkataba wa kawaida uliopiganiwa vizuri, na mjiandae kwa kujilipia au kuungana mwaka unaofuata mkiwa na takwimu za miezi 12 mikononi.

Niseme sasa jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye swali lako, ingawa ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote: bei. Ada ni idadi ya huduma mara bei ya kila huduma, na mazungumzo ya mwajiri na watumishi karibu yote hushika upande wa idadi, kama kwamba bei imeandikwa mbinguni. Mwaka 2014 Marilyn Bartlett alichukua usimamizi wa mpango wa afya wa watumishi wa serikali ya jimbo la Montana, Marekani, mfuko ukiwa njiani kukauka. Hospitali zilikuwa zikitoa punguzo kutoka bei zao za orodha, na bei za orodha wanajipangia wenyewe. Punguzo la nusu ya bei iliyopandishwa mara nne bado ni bei mara mbili. Aliacha kujadili punguzo. Akachukua kiwango ambacho Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, hulipa kwa kila huduma, na kuziambia hospitali kwamba mpango utalipa asilimia maalumu ya kiwango hicho, kwa wastani 234, yaani zaidi kidogo ya mara mbili. Mikataba ilianza 2016. Hospitali kubwa moja ilikaidi hadi karibu na tarehe ya mwisho. Shinikizo la watumishi na vyama vyao lilisaidia kuileta mezani. Mfuko ukasimama tena bila watumishi kupunguziwa mafao.

Jiji si jimbo, na pengine mna hospitali moja tu ya rufaa isiyo na mshindani. Hata hivyo, chukua huduma zenu 20 za gharama kubwa na dawa 20 za juu, uweke bei mnayolipa kila hospitali kando ya bei ambayo mfuko wa taifa au mlipaji mwingine mkubwa wa umma anailipa. Kwa kawaida utakuta picha ileile ya eksirei ya mguu ikilipiwa mara tatu ng'ambo moja ya barabara kuliko ng'ambo ya pili. Karatasi hiyo moja ndiyo ya kupeleka kwa chama cha wafanyakazi, kwa sababu ni adui mnayeweza kupambana naye pamoja.

Kuhusu watumishi kuchangia zaidi, lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo madiwani wanayachanganya. Kukata mshahara zaidi kwa ajili ya ada hakupunguzi gharama hata kidogo; kunaihamisha tu kutoka mfuko wa jiji kwenda mfuko wa mtumishi, na kwa uzoefu wa mazungumzo ya mishahara hurudi baada ya mwaka mmoja au miwili kwa sura ya nyongeza. Kuchangia anapotibiwa ni kitu kingine, na hilo limepimwa. Taasisi ya RAND ya Marekani ilifanya jaribio kati ya 1974 na 1982, familia zaidi ya 2,700 zikagawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitibiwa bure, wengine walilipa sehemu ya gharama, hadi asilimia 95, kukiwa na ukomo wa mwaka kulingana na kipato. Waliolipa sehemu kubwa zaidi walitumia fedha pungufu kwa takriban asilimia 30. Madiwani hupenda kuishia hapo. Jaribio liliendelea kusema kwamba watu walikata matibabu ya maana na yasiyo ya maana kwa kiasi kinachokaribiana, na kwamba maskini wenye shinikizo la damu walidhibitiwa vizuri zaidi pale matibabu yalipokuwa bure.

Weka hilo kwenye jiji lako. Mfagia barabara na mkurugenzi wakitozwa kiasi kilekile kila wanapomwona daktari, mkurugenzi hatasikia na mfagia barabara ataacha vidonge vya presha, kisha atakuja kwenye orodha yako ya madai makubwa akiwa na kiharusi. Na wale asilimia 5 wanaotumia nusu ya fedha huvuka ukomo wao wa mwaka mapema, baada ya hapo mchango hauwagusi tena, maana yake unawabana watu ambao fedha haziko kwao. Mkilazimika kuchangisha, wekeni ukomo unaolingana na mshahara, dawa za presha, kisukari na mengine ya kudumu ziwe bure, na uzito mpeleke kwenye uchaguzi wa hospitali: anayekwenda kwenye hospitali ya bei nafuu yenye ubora unaotosha halipi kitu, anayetaka ile ya gharama analipa tofauti.

Mtu pia atakuja na pendekezo la mipango miwili, mnono na mwembamba, jiji lilipe kiasi kimoja na mtumishi aongeze akitaka mnono. Mwambie asome yaliyoupata Chuo Kikuu cha Harvard. Kilifanya hivyo mwaka 1995. Wenye afya wakahamia mipango ya bei rahisi, wagonjwa wakabaki kwenye ule mnono, ada yake ikapaa, wengine zaidi wakakimbia, na ndani ya miaka 3 mpango huo ukafutwa.

Mazoezi, kupima uzito, mashindano ya kutembea: fanyeni kama mnapenda watu wenu, ila msiandike akiba yoyote kwenye bajeti. Mwaka 2019 yalitoka majaribio mawili makubwa ya bahati nasibu, moja la Chuo Kikuu cha Illinois likiwa na watumishi karibu 5,000, lingine la maduka ya BJ's Wholesale Club likiwa na karibu 33,000. Hakuna lililoona gharama za matibabu zikipungua. Takwimu nzuri anazokuonyesha muuzaji wa programu hizo mara nyingi zinatoka kwa waliojiunga wenyewe, ambao ndio waliokuwa na afya tangu mwanzo.

Wastaafu. Hapa ninakubaliana na madiwani kwamba kuna tatizo na sikubaliani nao juu ya dawa. Ahadi ya kumtibu mtu baada ya kustaafu ni deni tangu siku anapoifanyia kazi, hata kama hakuna ankara. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 39, kilichoanza kutumika 2018, kinataka deni hilo lionekane kwenye vitabu. Jiji la Detroit, Marekani, lilipoomba ulinzi wa mufilisi Julai 2013 ikiwa na madeni yaliyokadiriwa dola bilioni 18, karibu bilioni 5.7 zilikuwa ahadi za matibabu ya wastaafu, na karibu hakuna fedha iliyokuwa imetengwa. Stockton, California, iliyoomba mwaka mmoja kabla, iliishia kuzifuta kabisa ahadi hizo. Watu waliokwisha kuacha kazi wakakuta kadi haifanyi kazi katika umri ambao si rahisi kupata bima nyingine.

Kuwaondoa wastaafu wenu kesho asubuhi ni kufanya kwa hiari kile ambacho miji hiyo ilifanya ikiwa imefilisika, na kabla hamjapiga hesabu. Agizeni tathmini ya mtakwimu bima mwaka huu. Waliostaafu na walio karibu waachwe kwenye ahadi yao. Kama kuna bima ya taifa inayowapokea wazee, iwe ya kwanza kulipa na yenu ijazie. Waajiriwa wapya waanzishiwe akiba ya matibabu ya uzeeni inayochangiwa kila mwezi na pande zote mbili. Na tenganisheni hesabu za wastaafu na za walio kazini, kwa sababu huenda sehemu ya ile asilimia 23 inatoka huko na hamuioni.

Kuna uvujaji mwingine nauona karibu kila jiji. Mzoa taka akiumia mgongo kazini, au zimamoto akiungua, matibabu yake ni ya fidia ya ajali kazini, lakini kwa kuwa kadi ya bima ya afya iko mfukoni, ndiyo inayotumika. Madai yanapanda mahali pasipo pake, na hakuna anayeuliza kwa nini gari lile lile la taka linaumiza watu kila robo mwaka. Mwombe msimamizi wa madai achuje majeraha ya siku za kazi kwa idara za taka, zima moto, maji na barabara. Kisha kila idara ibebe gharama ya ajali zake kwenye bajeti yake. Mkuu wa idara akiona fedha zake zikiondoka, vifaa vya kunyanyulia vitanunuliwa. Tofauti na mashindano ya kutembea, hapa kinga inalipa.

Hakikini pia wategemezi, kwa upole: wapeni watu miezi miwili kujirekebisha bila adhabu, kisha mdai vyeti. Talaka zisizoripotiwa na watoto waliokwisha kuoa hupatikana kila mara.

Kwa siku 100 ulizonazo, wiki mbili za kwanza ziende kudai takwimu kwa maandishi, nakala kwa mwanasheria wa jiji. Chama cha wafanyakazi kiiteni sasa, kabla ya uamuzi wowote, na mkipe takwimu zilezile mnazoona ninyi. Kama mkataba wa hali bora unataja mafao ya afya, hamna mamlaka ya kuyabadilisha peke yenu hata baraza likipiga kura kwa kauli moja. Tangazeni zabuni hata kama mnakusudia kubaki na kampuni hiyohiyo, kwani asilimia 23 mara nyingi hulegea siku bahasha ya mshindani inapofunguliwa. Na ombeni nyongeza ya miezi mitatu kwa ada ya sasa kama akiba ya muda, msije mkasaini usiku wa mwisho.

Kuhusu madiwani kuingia: inawezekana, kwa masharti matatu. Waingie wote au asiingie yeyote, kwa sababu wakichagua wenyewe wataingia wagonjwa tu. Walipe mchango kama mtumishi yeyote, na muhula ukiisha bima iishe, bila haki ya matibabu ya uzeeni kwa miaka mitano ya vikao. Na kwa kuwa wanajipigia kura mafao yao wenyewe, azimio lianze kutumika kwa baraza litakalochaguliwa baada ya hili.